Chupa Nne kwa Fundi Viatu

Dada yangu mpenzi,

Kabla hata ya salamu, nivumilie nikutajie sauti moja. Ni sauti ya darasa zima likivuta pumzi kwa pua kwa pamoja, kisha kuitoa kwa "Mmmh!" ndefu ya kuridhika, kama watoto waliofunuliwa sufuria. Niliisikia maabara wiki juzi na mpaka sasa haijanitoka. Naamka nayo, nakula nayo, hata nikiwa barabarani nayasikia magari kwa mbali na sauti ile kwa karibu. Ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. U hali gani, dada? Shemeji hajambo? Na mwanangu yule mtundu, bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na kugombana na anayemrekebisha? Mkono wako nao? Mara ya mwisho uliniambia ngozi ya kovu inavuta ukishika mkasi muda mrefu. Natumaini umepunguza kazi, ingawa nakujua, mteja akija na kitambaa chake na sura ya huruma, unasahau kwamba una mkono. Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu moyo umepigwa na kitu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ungenikata nikifika katikati, na hili ni jambo la kusikilizwa mpaka mwisho. Barua hata ukiitupa kwa hasira, unaweza kuiokota.

Muhula huu tunafundishwa kutambua vitu visivyojulikana. Mwalimu wetu, ambaye wanafunzi wote tunamwita Mzee wa Vipimo, huja na vichupa vyenye vimiminika visivyo na rangi. Vyote vinafanana na maji, na juu yake kuna herufi tu. Kazi yako ni kukiuliza kila kimoja maswali mpaka kijitaje. Unachoma tone moja kwenye kijiko cha chuma: likitoa moshi mweusi wa masizi, umepata fununu. Unadondoshea unga wa magadi: ikifoka povu, hiyo ni asidi. Unatia maji ya bromini uone kama rangi yake itapotea. Kuna kipimo kingine ambacho kikikubali, kioo cha fedha kinajitandaza ndani ya neli na unajiona uso. Nilipokiona mara ya kwanza nilitaka kupiga kelele. Nimeipenda kazi hii, dada, kuliko chochote nilichowahi kusoma. Napenda kwamba kitu kisicho na jina hakina pa kujificha ukikiuliza kwa utaratibu.

Mzee wa Vipimo ana sheria moja anayotuchosha nayo. Anasema jibu la ndiyo unaweza kuliamini, lakini jibu la hapana lazima ulichunguze. Kipimo kikikataa, usikimbilie kuandika kwamba kitu hakimo. Chukua kwanza kitu unachokijua kwa hakika, ukipime kwa dawa ileile. Kama nacho kimekataa, basi tatizo si kile unachokitafuta, ni dawa yako imeharibika kwenye rafu na wewe ulikuwa unaiuliza maswali maiti. Tulikuwa tunamuigiza nyuma ya mgongo wake, tukitikisa kidole: "Umeipima dawa yako, binti?" Leo simuigizi tena.

Siku hiyo chupa yangu ilikuwa na alkoholi, nilikuwa na hakika hiyo kwa vipimo vya mwanzo. Ili kuthibitisha, unaichanganya na asidi ileile iliyomo kwenye siki, unatia matone ya asidi kali, unaipasha ndani ya maji ya moto, kisha unaimimina kwenye maji baridi na kunusa. Kama alkoholi ilikuwemo, inatoka harufu ya matunda. Nikafanya yote. Nikapunga mkono juu ya bika, ile glasi ya maabara, kuelekea puani, kama tulivyofundishwa. Hakuna kitu. Nikarudia tangu mwanzo, kwa vyombo vipya. Hakuna kitu. Nikaandika kwamba kipimo kimekataa.

Jirani yangu mezani ni msichana tunayemwita Redio, kwa sababu hazimwi. Akachungulia nilichoandika, akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mwenzangu, ndizi zimeiva mpaka kwa majirani, wewe unasema kimekataa? Unataka zikuangukie kichwani?" Watu wakacheka. Mzee wa Vipimo akaja, akaichukua bika yangu, akaipitisha meza kwa meza ili kila mtu anuse mfano mzuri. Hapo ndipo niliposikia ile sauti. Waliinama, wakavuta pumzi, na wote wakasema "Mmmh!" bila kuambizana. Bika ikarudi kwangu. Nikatia pua ndani kabisa. Ilikuwa maji, dada. Maji ya vuguvugu.

Nikamwambia mwalimu kwamba mimi sisikii kitu. Redio akasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Mwalimu hakucheka. Aliniambia nigeukie ukuta na nifumbe macho, akaanza kuniletea vichupa puani, kimoja kimoja, akiniuliza nini hiki. Cha kwanza, sijui. Cha pili, sijui. Cha tatu, sijui. Cha nne kikanipiga kama kofi, nikaruka nyuma, machozi yakanitoka, nikasema hiyo ni amonia. Nilifurahi kwamba angalau nimepata moja. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulielewa. Aliniuliza, "Umesikia harufu, au umechomwa?"

Nikamuuliza kwani kuna tofauti.

Nilipofumbua macho nikaona watu wananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeanguka barabarani, kabla hajajua kama ameumia. Vile vitatu vya mwanzo vilikuwa vanila, maji ya waridi na ule mchanganyiko wangu wa ndizi. Mwalimu akaniambia taratibu, kana kwamba ni sisi wawili tu chumbani, kwamba mimi sina uwezo wa kunusa kabisa. Sijawahi kuwa nao. Ninachokiita harufu ni muwasho.

Unielewe, dada, maana mimi mwenyewe nilichukua siku kadhaa kujielewa. Maisha yangu yote nilidhani harufu ni ule ukali: kitunguu kinapokatwa, siki, ile dawa ya kuchua uliyokuwa unanipaka kifuani nikikohoa. Watu waliposema ua fulani lina harufu nzuri, nilidhani ni namna ya kusema tu, kama tunavyosema fulani ana maneno matamu, na hakuna aliyeyalamba. Watu walipoziba pua mahali, nami niliziba. Nilidhani ni adabu. Shuleni nilikariri "harufu ya matunda" kutoka kwenye madaftari na kuiandika kwenye mitihani, nikapata alama zote. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kujua kwamba kuna la kuulizwa.

Mwalimu alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari alinimulika, akanipiga picha, akasema njia za pua ni safi na hakuna ugonjwa. Nimezaliwa hivi. Hakuna dawa, na si mimi peke yangu duniani. Akanitahadharisha kuhusu moshi na vyakula vilivyoharibika, kisha akakazia zaidi kuhusu gesi ya kupikia. Akaeleza kwamba gesi yenyewe haina harufu. Kiwandani wanaitia harufu mbaya makusudi, ili ikivuja pua ya mtu ishtuke. Kwa mtu kama mimi, alisema, mtungi unaovuja na mtungi mzima ni sawasawa. Alipokuwa anaandika akauliza, bila kuninyanyulia macho, kama kuna mwingine kwenye ukoo, maana mara nyingine hurithiwa. Nikasema hakuna.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri karatasi zangu. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anamfuta mtoto kamasi. Nami nikakumbuka nyumbani, wewe ukiingia jikoni mbio, harufu ya kuungua imekufikia uani, sufuria imekuwa mkaa, na mimi na baba tumekaa palepale kando ya jiko tunacheza drafti. Ulishika kiuno ukatuuliza, "Nyie pua zenu ni za pambo?" Baba akacheka mpaka kete zikamwagika. Lilitokea mara ngapi lile? Mimi na baba. Siku zote mimi na baba.

Niliinuka pale benchi, dada, na karatasi zangu sikuzisubiri.

Najua nakanyaga wapi. Najua siku ile huitaji, na hutaki mtu aitaje mbele yako. Lakini niruhusu niipange upya, kama tunavyopanga majibu mezani. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kwa hiyo ninayoyajua ni uliyoniambia wewe na waliyosema watu. Baba alikuja kukutembelea kwenye chumba chako cha ushonaji. Ukamwachia duka, ukaenda kupeleka nguo za mteja. Huko nyuma, kwenye jiko dogo, mpira wa mtungi wa gesi ulikuwa umepasuka. Alikaa mle mchana kutwa. Uliporudi, hata kabla ya kufungua mlango, ulisikia gesi. Ilikuwa imefika mpaka nje. Ukaingia unaita, na wakati huohuo baba, aliyekuona dirishani unakuja umechoka, alikuwa anawasha kiberiti akuchemshie chai. Moto ukashika pazia, na pazia likakushika wewe, shingo na mkono. Mikono yake iliungua akikuvua lile pazia.

Kisha yakaja maswali. Mtu anakaaje kwenye gesi mchana kutwa asijue? Baba aliapa kwamba hakusikia chochote. Kila aliyepita barabarani alisikia, yeye aliyekuwa ndani hakusikia. Na kwa sababu zamani alikuwa mnywaji, na alikuwa amekuapia wewe, siku uliyopata duka, kwamba ameacha, jibu lilikuwa limekaa tayari linasubiri. Kwamba alikuwa amelewa. Mwenye akili zake angesikia. Na baba mkubwa alipowakusanya, baba alikana, akakana, mwishowe akakubali. Akasema ndiyo, alikunywa. Siku hiyo ukasema huna baba. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu leo. Umeshona miaka sita kwa mkono unaouma.

Lakini hakuna aliyeipima dawa. Baba alisema hapana, na sisi tukamwita mwongo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumshikia kitu puani na kumuuliza nini hiki.

Kwa hiyo nilimwomba mwalimu vichupa vinne, nikapanda basi nikaja kwa baba, na ndipo ninapokuandikia sasa. Nilimkuta kwenye meza yake ya viatu chini ya kile kibati, misumari mdomoni, kopo la gundi limefunguliwa mbele yake. Mteja aliyekuwa anasubiri kisigino alikuwa ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Baba aliponiona alitema misumari akaniuliza nani amenifukuza chuo. Nikamwambia nimekuja kumpima. Akasema kama ni sumu nisubiri kwanza, asije akafa akamwacha mteja na kiatu cha mguu mmoja.

Mteja alipoondoka nikampa chupa ya kwanza. Ilikuwa maji matupu. Akanusa, akasema safi. Nikampa vanila. Akanusa, akasema na hii safi. Nikampa ile ya matunda, na hapo nikaona kitu kilichonisimamisha nywele. Alipoileta puani hakuitazama chupa. Alinitazama mimi. Alikuwa anausoma uso wangu apate jibu, kama ninavyousoma mimi uso wa Redio. Nikageukia barabarani. Akasema kwa sauti ya mtu anayebahatisha, "Hii nayo ni maji?" Nikampa amonia. Akaruka, akakohoa, machozi yakamtoka, akaniambia kwa furaha kabisa, furaha ya mtu aliyefaulu, "Enhe! Hiyo sasa ndiyo harufu, mama!"

Nililia, dada, pale barabarani. Akadhani nimeumia.

Nilipomweleza, mwanzoni alibisha. Akasema gundi yake ina harufu na anaijua vizuri, inawasha macho. Nikamwomba anieleze harufu ya mkate. Akafikiri sana, akasema mkate una harufu ya mkate. Nikamuuliza kuhusu utoto wake. Akasema marehemu bibi alikuwa akimchapa kwa kuacha vyungu viungue, na kwamba huwa anaziba pua watu wakiziba, kwa sababu kutoziba ni utovu wa adabu. Alisema karibu vilevile kama nilivyokuandikia juu. Kisha akaweka nyundo chini. Akapapasa viganja vyake vya makovu. Halafu akaniuliza kama basi ina maana chumba kile siku ile kilikuwa kinanuka kweli.

Hakuwa akijua. Miaka sita hakuwa akijua. Alidhani watu waliongeza chumvi, na usiku mwingine alidhani yeye ndiye amerukwa na akili.

Nikamuuliza swali ambalo nililiogopa njia nzima: je, siku ile alikuwa amekunywa? Akasema hapana. Hata tone. Tangu alipokuapia hajanywa, wala siku ile, wala baada ya kukuunguza, wala baada ya wewe kuondoka, ingawa angekuwa na sababu. Nikamuuliza mbona basi alikiri mbele ya baba mkubwa. Akajibu kama mtu anayeeleza bei ya soli. Alisema kila shahidi aliapa kwamba gesi ilifika barabarani, na yeye alikuwa ndani. Kwa hiyo kulikuwa na mambo matatu tu: ama ni kichaa, ama alitaka kumchoma mwanawe, ama alikuwa amelewa. Alisema, "Nikachagua lile dogo. Mlevi watu humsamehe."

Nisome tena kama hukuamini: baba hakunywa. Hakuvunja kiapo chake kwako. Alikaa kwenye kifo mchana kutwa akilinda duka lako, na hakujua, kwa sababu hakuna kiungo mwilini mwake cha kumjulisha, kama kisivyokuwemo mwilini mwangu. Na ingekuwa ni mimi niliyekuja kukutembelea siku ile, ningekuwa mimi niliyewasha kiberiti kile. Hilo ndilo linalonishtua. Ungekuwa umenisamehe mimi, dada? Ungeniamini?

Sikuandikii ili nikudai kitu. Haya hayarudishi ngozi yako, na kovu ni lako, si la baba wala langu. Kama utataka kuendelea kukasirika, kasirika, lakini sasa uwe unakasirikia kitu kilichotokea kweli. Pia mtazame mwanangu. Mshikie kitu kitamu puani akiwa amefumba macho, umuulize. Tafadhali, fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Nikuambie na hili, maana sitaki nikufiche. Baba hakutaka ujue. Alipoelewa yote, neno lake la kwanza lilikuwa kunikataza. Alisema umeshapata mume, mtoto na duka jipya, na ukijua kwamba alikuwa anasema kweli utaanza kujila mwenyewe kwa ile miaka. Akasema hasira umeshaizoea, na yeye jina la mlevi ameshalizoea, kwa hiyo kila mtu abaki na chake. Usiku kucha niligeuka kitandani nikiyapima maneno yale. Yalikuwa ya upendo. Lakini kama ni upendo, ni wewe unayepaswa kuupokea au kuukataa, na huwezi kufanya lolote kwa kitu usichokijua.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mtoto. Mwalimu amesema nisiache masomo. Vipimo vya pua atanisomea Redio, ambaye ameshatangaza chuo kizima kwamba sasa yeye ni pua yangu rasmi. Nitarudi chuoni kesho, na barua hii nitaitia posta ya kituo cha basi.

Na baba nimeshamwambia. Asubuhi hii, kabla sijashika kalamu, nilikwenda mezani kwake nikamwambia kwamba nakuandikia yote, hata akikataa. Alikuwa anapaka gundi kwenye soli. Hakugomba. Alimaliza kuipaka, akaipuliza, akaibandika, akaikandamiza kwa kifua chake mpaka ikashika. Kisha akaniuliza kama nimekuwekea salamu zake. Nikamjibu kwamba huwa siziweki, kwa sababu wewe mwenyewe uliniomba nisiziweke. Akasema ni sawa, lakini safari hii niziweke, na niziweke chini kabisa, ili kama hutaki kuzisoma uweze kuikunja barua kabla hujazifikia.

Nimeziweka hapa chini kabisa. Baba anakusalimu.

Mimi mdogo wako.